RUDISHENI DESEMBA YETU

Ndugu msomaji, naanza na swali, nawe lijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea: mara ya mwisho wewe na ndugu yako wa tumbo moja mlipokaa mwezi mzima pamoja, bila kengele, bila kiranja, bila fimbo, ilikuwa lini? Mimi yangu naijua. Ilikuwa Desemba 2013, hapa hapa Mang'ola. Nilikuwa na miaka 12, dada yangu 15. Hakuna aliyetuambia kwamba ile ndiyo ya mwisho. Lau tungeambiwa, tusingelala mapema.

Leo nina ugomvi, na sitaki kuuficha. Nagombana na kitu kinachoitwa kambi ya likizo. Msomaji wa mjini pengine unakijua kwa jina la tuisheni. Huku kwetu ni kambi, kama ya jeshi. Shule inafungwa mwanzoni mwa Desemba, wazazi wanatakiwa heri ya Krismasi na mwaka mpya, na kesho yake wale wanaotazamia mtihani mwaka unaofuata wanarudishwa wamejitwisha magodoro. Mzazi anatoa debe la mahindi, maharage, kuni, na fedha kidogo ya kumtia mwalimu moyo. Madawati yanasukumwa ukutani, darasa linageuka bweni. Watoto wanaamshwa kabla ya jogoo, wanasoma mpaka macho yanakataa. Hiyo ndiyo likizo! Ukiuliza kulikoni, unajibiwa kwa upole: "Tunawatafutia watoto wenu maisha."

Mimi nimezaliwa 2001, nimemaliza kidato cha nne, nalima kwa kukodi, na usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Sina cheo cha kubishana na mtu. Lakini kuna jambo nililonalo ambalo wenye vyeo hawataki kulisikia: najua ni kitu gani hasa kinachochukuliwa mtoto anaponyimwa Desemba. Acheni niwaeleze, halafu mniambie kama ni porojo.

Kwa usiyeijua Mang'ola, ukifika Karatu mjini usiendelee na watalii kwenda Ngorongoro. Kata kushoto, uteremke na vumbi, mlima Oldeani ukiuacha mkono wa kulia, mpaka joto likupokee. Umefika. Mbele yako kuna Ziwa Eyasi na maji yake ya chumvi ambayo hayanyweki. Kinachotuweka hai ni chemchemi ya Qangdend. Maji yake yanagawanywa kwa mifereji, kwa zamu, mchana na usiku, na mifereji hiyo ndiyo inayolea vitunguu vyekundu ambavyo wewe wa Arusha au Nairobi unavikaanga bila kujiuliza vimetoka wapi. Vitunguu vimetukusanya watu wa kila namna juu ya Wahadzabe na Wadatoga tuliowakuta. Baba yangu ni Mwiraqw wa Mbulu, mama ni Mnyiramba, walikutana wakigombea maji ya mfereji mmoja. Mpaka leo wanabishana nani alikuwa mwenye zamu.

Mimi na dada tulikuwa na Krismasi yetu ndani ya Krismasi ya watu wote. Ilianza Desemba 2007. Mwaka ule baba alipata hasara. Bei ilianguka, dalali akaja na lumbesa yake, gunia limevimba kama mwenye kichomi lakini linahesabiwa moja, na baada ya kulipa deni la mbolea hakikubaki cha nguo za sikukuu. Mama alituambia wazi, bila kuzunguka. Mimi nililia. Dada, ambaye alikuwa na miaka 9 tu, hakulia. Aliniambia, "Nyamaza. Twende shambani."

Fuso lilikwisha kuondoka na magunia. Shambani yalibaki yale ambayo mwenye mali hayataki: vitunguu vidogo, vitunguu mapacha, vilivyokatwa na jembe, vilivyosahaulika chini ya majani. Tuliokoteza. Shamba letu likaisha tukaomba la jirani, la jirani likaisha tukavuka mfereji. Tukapanga mafungu juu ya mfuko wa mbolea kando ya njia inayokwenda mnadani. Dada aliniwekea sheria: kila fungu lazima liwe na kimoja kikubwa juu, lakini chini tusifiche kilichooza. "Mtu akirudi mara ya pili ndiyo faida," alisema. Sijui alilipata wapi neno hilo.

Fedha tuligawa nusu kwa nusu, na hapo ndipo sheria ya pili ilipokuwa: huruhusiwi kujinunulia. Nusu yako ni ya kumnunulia mwenzako, na ni siri. Mwaka ule nilimnunulia dada kibanio cha nywele chenye kipepeo. Yeye akaninunulia daftari na penseli. Nilikuwa naingia darasa la kwanza mwezi unaofuata, na daftari hilo nililijaza kabla shule haijafunguliwa. Niliandika herufi moja tu aliyonifundisha, ukurasa kwa ukurasa.

Halafu kulikuwa na mti. Wenzetu wa Karatu juu kwenye baridi wana misonobari ya kupamba. Huku bondeni kwetu hakuna. Kuna mikoche. Tarehe 24 alfajiri, kabla jua halijachoma, tulikwenda kukata kuti la mkoche, na mtu asiyelijua asicheze nalo, maana kikonyo chake kina miiba iliyopinda kama ndoana. Kila mwaka dada alitoka na damu mkononi, na kila mwaka alikataa nisishike mimi. Tulilisimamisha kwenye debe lililojaa mchanga. Mapambo yake yalikuwa maganda ya vitunguu. Mwezi mzima tulikuwa tunayachagua, yale ya nje, makavu, mekundu yasiyo na doa, tunayahifadhi kwenye boksi la viatu. Tuliyatunga kwa sindano ya gunia na uzi wa katani, tukayaninginiza. Usiku ukiwasha koroboi nyuma yake, maganda yale yanapitisha mwanga, nyumba nzima inakuwa na rangi ya divai. Harufu ni ya kitunguu, ndiyo, sitakudanganya. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitunguu kikavu nasikia Krismasi.

Tukishamaliza, watoto wa jirani walikuja kuona, wa Kikristo na wa Kiislamu, kama sisi tulivyokwenda kwao siku ya Idd. Walikula pilau, wakaenda zao. Wote wakilala, dada alianza hadithi.

Hadithi ilikuwa moja. Hakuisoma mahali, aliitunga mwenyewe. Kila mwaka usiku wa tarehe 24 alisimulia sehemu moja, akakata, na iliyobaki ni mwakani. Ilimhusu msichana ambaye mfereji wa kwao ulikauka ghafla, akaamua kuufuata kwenda juu ili ajue maji yamezuiwa na nani. Kila mwaka alikutana na mtu au mnyama ambaye alimpa jibu la uongo. Mimi nilikaa miezi 12 nikibuni kitakachofuata, namwambia, yeye anacheka, "Siyo." Desemba 2013 msichana alifika kwenye jiwe kubwa, akainama, akasikia chini ya jiwe mtu anaita jina lake. Dada akapuliza koroboi. "Mwakani," akasema.

Mwakani hakukuwa na hadithi.

Mwaka 2014 dada alikuwa amemaliza kidato cha tatu na shule yake ikaweka kambi. Siitaji shule hiyo, wala sina haja ya kuitaja, maana ningeitaja moja ningezionea. Alikuja nyumbani tarehe 24 jioni. Nilikuwa nimekata kuti peke yangu, nimechanika mikono yote miwili, nimetunga maganda, nimewasha taa. Aliingia, akasema, "Umefanya vizuri, mdogo wangu," akakaa kitandani kufungua viatu, na kiatu cha pili hakukifungua. Alilala hivyo hivyo. Nilikaa na taa mpaka mafuta yakaisha. Tarehe 27 alirudi kambini. Mwaka uliofuata alimaliza kidato cha nne, akaenda Dar es Salaam kwa shangazi, akapata kazi, akaolewa huko. Ni mtu mwema, anatuma fedha, anapiga simu kila Jumapili. Kikao chetu cha Desemba hakikurudi tena.

Najua mtasema: kukua ndiyo huko, hata bila kambi angeondoka. Kweli angeondoka. Lakini kuna tofauti kati ya tunda kuiva likaanguka na tunda kupigwa fimbo. Tulikuwa na haki ya Desemba mbili zaidi, ya 2014 na ya 2015, na katika hizo mbili msichana angelifunua lile jiwe.

Sasa nije kwenye hoja, maana anayelia peke yake huonekana ana wazimu.

Novemba 2024 tuliitwa mkutano wa wazazi katika shule ya mdogo wetu, kitinda mimba, aliyekuwa anamaliza darasa la sita. Baba alikuwa na zamu ya maji, akanituma mimi. Agenda ilikuwa moja: kambi. Ilikwisha kupitishwa kabla hatujakaa, sisi tuliitwa kupiga makofi. Nikanyosha mkono. Nikasema watoto hawa wana miaka 11 na 12, wamesoma mwaka mzima, waacheni wapumzike na ndugu zao hata wiki tatu. Mzee mmoja wa kamati akaniuliza, "Kijana, wewe ulipata daraja la ngapi?" Nikajibu la nne. Watu wakacheka. Akasema, "Basi kaa."

Nilikaa. Lakini jibu langu nililimeza nusu, na nusu iliyobaki nawapa leo. Hilo daraja la nne nililipata baada ya kambi! Desemba 2017 nililala juu ya sakafu ya darasa kama wenzangu, nikakariri mpaka nikaota fomula. Mtihani ulikuja Novemba 2018, matokeo mwanzoni mwa 2019, nikawa hapo mnaponicheka. Kama kambi ndiyo dawa, mbona mimi niliyeinywa sikupona? Na mwenzangu aliyepona, mna hakika ilikuwa dawa, au alikuwa mzima tangu mwanzo?

Nisiwe mnafiki. Yule mdogo wetu alikwenda kambini. Baba alisema aende, na debe la mahindi nililibeba mimi mwenyewe begani, mimi huyu huyu mwenye mdomo. Mwaka 2025 alifanya mtihani wa darasa la saba akafaulu. Nilifurahi, nilimnunulia viatu. Wazee wa kamati wakinikuta njiani wananiambia, "Unaona?" Naona nini? Naona mtoto mwenye akili amefaulu. Kwamba asingefaulu bila kambi, hakuna anayeweza kusema, kwa sababu darasa zima liliingizwa kambini na hakuna aliyeachwa nje tukamlinganisha. Mganga anayewanywesha kijiji kizima dawa moja, wakipona anachukua sifa, wakifa ni amri ya Mungu. Huo ndio ushahidi wenu?

Wapo wenye hoja nzito kuliko hiyo, nao nawaheshimu. Wanasema: wewe unapamba. Desemba ya Mang'ola siyo maganda na hadithi tu, ni vibarua. Mtoto akiachwa mtaani anachukuliwa kukata vitunguu kwa ujira, anabebeshwa bomba la dawa ya wadudu, anaonja fedha, Januari harudi shule. Na binti je? Akiwa kambini angalau yuko chini ya macho ya mwalimu.

Hapa sibishi kwa haraka. Nimesoma na vijana walioacha darasa la tano kwa ajili ya vitunguu, nami nawaona leo, migongo imeinama kabla ya miaka 30. Hilo ni kweli na ni baya. Lakini sikilizeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kutenganisha mambo haya. Inasema umri wa chini wa mtoto kufanya kazi ni miaka 14, na kazi yenyewe iwe nyepesi, isimdhuru, isimzuie kwenda shule. Mtu anayemvika mtoto wa miaka 11 bomba la sumu anavunja sheria. Mshikeni huyo! Mwajiri anakosea, halafu anafungwa mtoto? Hiyo ni haki ya wapi? Na sheria hiyo hiyo, kwenye wajibu wa mzazi, pamoja na chakula, malazi, matibabu na elimu, inataja haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika. Imewekwa kwenye mstari mmoja na chakula, jamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema vivyo hivyo katika kifungu cha 31. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo waziwazi, na mwalimu anayekaidi anaweza kutozwa faini au kufungwa. Hapa kwetu, mwaka 2023, serikali ilikataza bweni kwa watoto wa elimu ya awali mpaka darasa la nne, kwa kutambua kwamba mtoto mdogo anahitaji kulelewa nyumbani. Sasa darasa lenye magodoro sakafuni mwezi wa Desemba tuliite nini, ukumbi wa harusi?

Na kuhusu binti, dada yangu alikuwa binti. Aliyemlinda Desemba saba mfululizo hakuwa kiranja. Alilindwa na mama aliyekuwa anajua yuko shamba gani, na mdogo wake aliyemganda kama kupe. Tukitaka kuwalinda mabinti tuwarudishe kwa watu wao, na hao watu wao tuwakumbushe wajibu.

Walimu wangu, msinielewe vibaya. Sigombani na ninyi. Ninyi nanyi mna watoto, na Desemba yenu inaibwa pamoja na ya kwao. Najua mnasukumwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, nikadhani presha itapungua. Wapi! Kata inashindana na kata, wilaya na wilaya, na anayetakiwa kukimbia mbio hizo ni mtoto wa miaka 12 aliyebeba godoro. Kama mada haziishi katika siku za shule za mwaka mzima, basi tuambizane ukweli: vitabu havitoshi, walimu hawatoshi, darasa limejaa kama gunia la lumbesa. Kambi inaficha aibu hiyo. Mtoto anafidia kwa usingizi wake deni ambalo hakukopa.

Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Mle ndani alilalamika kwamba elimu tuliyorithi inamng'oa mtoto katika jamii yake na kumfanya aone alichosomea darasani ndiyo elimu peke yake. Alitaka mtihani ushushwe hadhi, na mtoto wa shule abaki kuwa mwana wa familia na mwenye sehemu katika kazi zake. Hotuba zake tunazinukuu kila Oktoba, tunavaa fulana zenye picha yake. Desemba tunafanya kinyume.

Na tena hapa hapa Mang'ola, tumekaa juu ya somo lenyewe bila kuliona. Tangu miaka ya 1980 watafiti kutoka Marekani, akina Nicholas Blurton Jones, Kristen Hawkes na James O'Connell, walikaa na majirani zetu Wahadzabe wakipima na kuandika kile ambacho watoto wao wanafanya. Waliandika kwamba watoto wadogo huko wanachimba mizizi na kuokota ubuyu, wanajitafutia sehemu ya chakula chao, na hufanya hivyo wakiwa kundi, wakubwa na wadogo pamoja. Mdogo anajifunza kwa kumfuata mkubwa. Watu wamevuka bahari kuja kuona mtoto anavyofundishwa na dada yake, wakaona ni jambo la kuandikiwa vitabu. Sisi tulio kilomita chache kutoka hapo tunamnyang'anya mtoto dada yake ili akakariri tafsiri ya neno "familia".

Mimi hesabu ya kugawanya nilijifunza juu ya mfuko wa mbolea, na mnunuzi akinidanganya chenji, dada alinifinya. Kuandika sentensi nilifundishwa shule, sikatai, na namshukuru kila mwalimu aliyenishika mkono. Lakini kutaka kuandika, ile njaa ya kujua nini kitafuata, sikuipewa darasani. Niliipewa usiku wa tarehe 24, miezi 12 kwa miezi 12. Wengine mnaosoma jarida hili ni vijana mnaotafuta kuwa waandishi kama mimi. Jiulizeni wenyewe hadithi yenu ya kwanza mliisikia kwa nani. Nadhani wachache sana watasema kwa mwalimu wa zamu.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba likizo ni muda mtupu unaongoja kujazwa. Ulikuwa umejaa. Mliukuta umejaa, mkaumwaga, mkaweka mazoezi ya kuchagua jibu sahihi kati ya A, B, C na D.

Nimalizie na mambo mawili yaliyotokea, kila mtu ayapime.

La kwanza. Mwaka jana nilimpigia dada simu. Nilikuwa nimekwama kwenye riwaya yangu, maana riwaya yenyewe, sasa mnajua, ni ya msichana anayefuata mfereji. Nimeandika kaunta buku mbili, nimemfikisha kwenye jiwe, nimeshindwa kuendelea. Nikamwuliza, "Dada, chini ya jiwe alikuwepo nani?" Kimya. Nikasikia mtoto wake analia kwa nyuma, na magari ya Dar. Akasema, "Jiwe gani, mdogo wangu?" Nikamkumbusha. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi. "Nimesahau. Kweli nilikuwa nasimulia hayo?" Nikamwambia ndiyo, miaka saba. Akasema, "Mnh. Basi nilikuwa mwongo kweli." Tukacheka wote, tukaagana. Nilikaa muda mrefu na ile simu mkononi.

La pili. Desemba 2024 mdogo wetu aliruhusiwa kutoka kambini siku tatu za sikukuu. Nikajisemea, na mimi sasa ndiye mkubwa, zamu ni yangu. Nilikata kuti la mkoche. Nilichagua maganda. Niliweka mti kwenye debe la mchanga, nikaweka taa ya sola nyuma yake, maganda yakawaka vile vile kama zamani. Mtoto aliingia saa mbili usiku, macho mekundu, mfuko wa madaftari mgongoni. Akausimamia ule mti. Nilingoja. Akauliza, "Kaka, hii ni ya nini?"

Sikuwa na jibu fupi. Nikamwambia akae nimsimulie. Akasema wamepewa maswali 50 ya hisabati ya kurudi nayo tarehe 27, afanye kwanza. Akayafanya kwa mwanga ule ule wa mti. Alipofika swali la 30 akalala juu ya daftari, nikamfunua nikamlaza.

Sasa mtoto huyo amemaliza darasa la saba, na kambi ya kidato cha pili haijamfikia bado. Hapo katikati kuna Desemba moja au mbili ambazo hakuna mtu amezitia mkono. Mimi nimekwisha kumwambia baba waziwazi: safari ijayo sibebi debe. Atakayetaka kubeba abebe. Na mkutano ukiitwa nitakwenda tena, nitanyosha mkono tena, na wakiniuliza nilipata daraja la ngapi nitasema la nne kwa sauti, halafu sitakaa.

Nanyi wazazi mnaosoma hapa, mkiitwa kupiga makofi, ulizeni angalau swali moja: watoto wetu wawili wa nyumba moja wataonana lini? Mkijibiwa kwamba wataonana wakishafaulu, mwambieni huyo anayejibu aje Mang'ola anisaidie kulifunua lile jiwe.